Émile Zola na unaturalisti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi hukutana na jina la Zola kwa njia mbili: darasani, katika somo la nadharia za fasihi, au katika habari za kesi ya Kapteni Dreyfus, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyehukumiwa bila kosa. Majibu haya ni ya watu wa makundi yote mawili. Nimeyaandika kama msomaji anayempenda sana mwandishi huyu, ingawa sikubaliani naye katika kila jambo.

Émile Zola alikuwa nani?

Alikuwa mwandishi wa riwaya na makala za magazeti, na ndiye aliyeuongoza unaturalisti nchini Ufaransa. Alizaliwa Paris tarehe 2 Aprili 1840. Baba yake, Francesco Zola, alikuwa mhandisi Mwitaliano mzaliwa wa Venice. Mama yake, Émilie Aubert, alikuwa Mfaransa. Émile akiwa bado mdogo, familia ilihamia Aix-en-Provence, kusini mwa nchi, ambako baba alikuwa na mradi wa bwawa na mfereji wa kuupatia mji maji. Mwaka 1847 baba alifariki ghafla, mtoto hajatimiza hata miaka 7. Mama akabaki na madeni na mashauri ya mahakamani, na nyumba ikaanza kushuka kidogo kidogo kutoka maisha ya heshima hadi dhiki.

Mwaka 1858 walirudi Paris. Kijana alifeli mtihani wa kumaliza sekondari mara mbili, akafanya kazi ya ukarani kwa muda mfupi, kisha akakaa miezi mingi bila kazi, akiishi vyumba vya bei ya chini. Mwaka 1862 aliajiriwa na kampuni ya uchapishaji ya Hachette. Alianzia kwenye kufunga vifurushi vya vitabu, akapanda hadi kuwa mkuu wa matangazo. Hapo ndipo alipojifunza jinsi kitabu kinavyouzwa, jinsi gazeti linavyosukumwa liandike habari zake, na jinsi kelele za wakosoaji zinavyoweza kumpatia mwandishi wasomaji. Mwaka 1866 aliacha kazi, akaanza kuishi kwa kalamu yake.

Unaturalisti ni nini, na unatofautianaje na uhalisia?

Uhalisia ulitangulia. Balzac, na baadaye Flaubert, walikuwa wameshaonyesha kwamba maisha ya kawaida ya watu wa kawaida yanastahili riwaya nzito. Unaturalisti ulichukua msingi huo ukaongeza dai la kisayansi: kwamba binadamu ni kiumbe wa asili kama viumbe wengine, kwamba anasukumwa na damu aliyoirithi, mahali anapoishi na wakati wake, na kwamba mwandishi anaweza kuichunguza misukumo hiyo kwa subira kama daktari anavyochunguza mwili.

Dai hilo lilikuwa na wazee wake. Hippolyte Taine, mwanahistoria na mhakiki, alikuwa akifundisha kwamba kazi ya sanaa huelezwa na asili ya watu, mazingira na wakati. Claude Bernard, daktari na mtafiti, alichapisha mwaka 1865 kitabu chake mashuhuri kuhusu tiba ya majaribio. Ndugu wawili Goncourt, mwaka huohuo wa 1865, walitoa riwaya ya *Germinie Lacerteux*, inayohusu mtumishi wa ndani na maisha yake ya siri. Zola aliwasoma wote. Mwaka 1867 akatoa *Thérèse Raquin*, hadithi ya mke na hawara wake wanaomuua mume kisha wakashindwa kuishi pamoja. Gazeti la *Le Figaro* lilipochapisha makala iliyoiita fasihi ya aina hiyo iliyooza, alijibu katika dibaji ya chapa ya pili, mwaka 1868, kwamba alichokusudia ni uchunguzi wa miili miwili hai, kama mpasuaji anavyofanya kwa maiti.

Maelezo yake kamili ya nadharia yamo katika *Le Roman expérimental*, mkusanyiko wa insha wa mwaka 1880. Humo anasema mwandishi humweka mhusika katika mazingira fulani, kisha hutazama matokeo, kama mtu wa maabara.

Je, hoja hiyo ina mantiki?

Kwa maoni yangu, hapana, na wakosoaji wa wakati wake waliliona hilo mapema. Mtafiti wa maabara anaweza kushtushwa na matokeo, kwa sababu maumbile hayamsikilizi. Mhusika wa riwaya hufanya analotaka mwandishi. Jaribio lisiloweza kumkatalia anayelifanya halithibitishi kitu. Pia sayansi ya urithi aliyoitegemea, hasa maandishi ya daktari Prosper Lucas, imepitwa na wakati kabisa. Hakuna anayeamini leo kwamba ulevi au uuaji hushuka katika ukoo kwa namna Zola alivyoueleza.

Lakini msomaji akiishia hapo atakuwa amekosa kilicho bora. Kilichobaki hai katika Zola ni namna alivyofanya kazi: alikwenda mahali, akatazama, akauliza, akaandika alichokiona, kisha akawapa mafundi, madobi na wachimba makaa nafasi ya kati katika riwaya, wakati waandishi wengi walikuwa bado wanawaweka pembeni kama watumishi wa kuleta chai.

Les Rougon-Macquart ni nini?

Ni mfululizo wa riwaya 20 zilizotoka kati ya mwaka 1871 na 1893, zote kuhusu ukoo mmoja katika enzi ya Napoléon III, mtawala wa Ufaransa, yaani miaka ya 1852 hadi 1870. Mwanzoni alipanga riwaya kumi tu. Bibi wa ukoo ni Adélaïde Fouque, mwanamke mwenye maradhi ya akili wa mji wa kubuni wa Plassans, ambao ni Aix ya utoto wa Zola. Kwa mume wake, Rougon, unatoka upande unaopanda: mawaziri, wafanyabiashara, walanguzi wa viwanja. Kwa hawara wake, Macquart, mlevi na mfanya magendo, unatoka upande wa mafundi, wanajeshi, makahaba na wachimba migodi.

Kila riwaya ina ulimwengu wake. *Le Ventre de Paris* iko katika soko kuu la chakula la Paris, *Au Bonheur des Dames* katika duka kubwa linaloua maduka madogo ya mtaa, *L'Argent* katika soko la hisa, *La Bête humaine* katika reli, *La Terre* mashambani, *La Débâcle* katika vita ambavyo Ufaransa ilishindwa na Prussia. Riwaya ya mwisho, *Le Docteur Pascal*, inamleta daktari wa ukoo huohuo anayekusanya kumbukumbu za jamaa zake.

Kwa kweli alikuwa akifanya utafiti, au ni sifa tu?

Alifanya, na ushahidi upo. Kwa kila riwaya aliacha jalada la maandishi: mpango, maelezo ya wahusika, michoro ya mitaa na vyumba, dondoo za vitabu, na maelezo ya alichokiona kwa macho yake. Majalada mengi yamehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa.

Mfano ulio bora ni *Germinal*, riwaya ya mfululizo huo kuhusu wachimba makaa. Mwezi Februari 1884 wachimba makaa wa Anzin, kaskazini mwa Ufaransa, waligoma. Zola alifika huko siku chache tu baada ya mgomo kuanza, akisaidiwa na Alfred Giard, mbunge wa eneo hilo. Aliingia katika nyumba za wachimbaji, akatazama vitanda vinavyotumiwa kwa zamu, akasikiliza katika vilabu vya pombe, akahudhuria mikutano. Akashuka pia mgodini. Aliandika juu ya joto, maji yanayochuruzika, njia ambazo mtu hupita akijikunja, na farasi waliokaa chini ya ardhi wakivuta mabehewa ya makaa.

Yote hayo yamo kitabuni. Étienne Lantier, fundi asiye na kazi, anafika Montsou usiku wa baridi kali, anapokewa na familia ya Maheu, anaanza kushuka shimo la Le Voreux. Kampuni inabadilisha mpango wa malipo ili ipunguze ujira kwa ujanja, watu wanagoma, njaa inaingia, askari wanapiga risasi. Farasi mzee Bataille, ambaye amekaa chini miaka kumi, ana kurasa zinazouma kuliko za wahusika wengi wa kibinadamu. Kinachonishika zaidi kila ninaposoma ni kwamba Zola hakuandika kijitabu cha siasa. Meneja wa mgodi ana huzuni zake nyumbani. Wagomaji wana ukatili wao. Mwanamapinduzi Souvarine anafanya uharibifu unaoua wafanyakazi wenzake. Lakini hesabu ya mkate na ujira imewekwa wazi tangu mwanzo, na msomaji anajua nani ananyonywa na kwa njia gani.

*Germinal* ilitoka kwanza kwa vipande katika gazeti la *Gil Blas*, kisha kama kitabu mwezi Machi 1885. Mchezo wa kuigiza uliotokana nayo ulipigwa marufuku mwaka huohuo.

Kwa *La Bête humaine* alipanda kichwa cha treni kutoka Paris hadi Mantes. Kwa *Au Bonheur des Dames* alitembelea maduka kama Le Bon Marché, akaandika jinsi wauzaji wanavyolipwa kamisheni na wanavyolala katika vyumba vya juu ya duka.

Kwa nini L'Assommoir ilizua zogo kubwa hivyo?

Kwa sababu ya lugha ya riwaya hiyo, zaidi hata ya hadithi yenyewe. Gervaise, mhusika mkuu, ni dobi aliyeachwa na mwanamume wake na watoto wawili katika mtaa wa Goutte-d'Or, Paris. Anaolewa na Coupeau, fundi wa kuezeka mabati, mtu mwema asiyekunywa. Wanaweka akiba, anafungua duka lake la kufua na kupiga pasi. Halafu Coupeau anaanguka kutoka juu ya paa. Wakati wa kuuguza mguu anazoea kukaa bure, kisha anazoea pombe ya Baba Colombe, mwenye kilabu, na polepole nyumba nzima inateketea. Gervaise anakufa kwa njaa katika tundu chini ya ngazi, na majirani wanagundua kwa harufu.

Hayo peke yake wasomaji wangeyavumilia. Lakini Zola aliacha lugha ya mtaa iingie hadi katika sauti ya msimulizi: matusi, misimu ya mafundi, masengenyo ya uani. Gazeti lililoanza kuichapisha mwaka 1876 liliikatisha njiani, ikabidi ihamie jarida jingine. Wahafidhina walisema ni uchafu. Watu wa mrengo wa kushoto walisema anawatukana wafanyakazi. Yeye alijibu kwamba amesema ukweli kuhusu watu maskini bila kuwapamba. Naona alikuwa sahihi. Gervaise si mfano wa kuonya watu juu ya ulevi. Ni mwanamke ambaye ndoto yake ilikuwa kufanya kazi kwa amani, kula mkate, kulala mahali safi na kutopigwa, na hata hayo aliyakosa.

Kitabu kilipotoka mwaka 1877 kiliuzwa sana. Kwa fedha zake Zola alinunua nyumba Médan, kando ya mto Seine, mwaka 1878.

Kundi la Médan lilikuwa akina nani?

Vijana watano waliomzunguka: Guy de Maupassant, Joris-Karl Huysmans, Henry Céard, Léon Hennique na Paul Alexis. Mwaka 1880 walitoa pamoja naye *Les Soirées de Médan*, hadithi sita kuhusu vita vya mwaka 1870. Hadithi ya Maupassant, *Boule de suif*, iliwafunika wote, Zola mwenyewe akiwemo, na ndiyo iliyomfanya Maupassant ajulikane.

Kuliita kundi hili chama kungekuwa kutia chumvi. Hawakuwa na katiba, na wengi walikwenda njia zao mapema. Flaubert, ambaye vijana hao walimheshimu kama baba, hakuipenda kabisa lebo ya unaturalisti.

Unaturalisti uliishia lini?

Ulianza kupasuka kutoka ndani. Mwaka 1884 Huysmans alitoa *À rebours*, riwaya ya tajiri anayejifungia na vitu vyake vya anasa, mbali kabisa na Goutte-d'Or. Mwezi Agosti 1887 waandishi vijana watano walichapisha katika *Le Figaro* tamko la kuikana *La Terre*, wakisema kiongozi wao amezama matopeni. Mwaka 1891 mwanahabari Jules Huret aliwauliza waandishi wengi kuhusu hali ya fasihi, na wengi walisema unaturalisti umekwisha. Paul Alexis alimjibu kwa simu ya maandishi: unaturalisti haujafa, barua inafuata.

Nje ya Ufaransa ulikuwa bado mbichi. Giovanni Verga aliandika maisha ya wavuvi wa Sicily, Emilia Pardo Bazán aliuanzishia mjadala Hispania, Aluísio Azevedo akaandika juu ya nyumba za kupanga za Rio de Janeiro mwaka 1890, na Marekani wakaja Frank Norris na Theodore Dreiser. Katika maigizo, André Antoine alianzisha Théâtre Libre jijini Paris mwaka 1887 na kuwataka waigizaji wazungumze na kuketi kama watu walio nyumbani kwao.

Ni kweli vitabu vyake viliwapeleka watu jela?

Vilichangia kumpeleka mmoja. Mchapishaji wa London, Henry Vizetelly, alishtakiwa kwa kutoa tafsiri za Zola. Alitozwa faini mwaka 1888, na mwaka 1889, akiwa mzee na mgonjwa, akafungwa miezi mitatu. Ukisoma *La Terre* au *Nana* leo utakuta mengi ya kuhuzunisha na machache ya kuamsha tamaa.

Je, aligombana na Cézanne kwa sababu ya riwaya?

Paul Cézanne alikuwa rafiki yake wa shule Aix. Mwaka 1886 Zola alitoa *L'Œuvre*, inayomhusu mchoraji anayeshindwa kuikamilisha picha yake na kujinyonga, na kwa muda mrefu iliandikwa kwamba urafiki ulikatika siku ile. Barua ya Cézanne kwa Zola ya mwezi Novemba 1887, iliyojitokeza mnadani mwaka 2013, imeonyesha kwamba bado walikuwa wakiandikiana. Urafiki wao ulipoa polepole, kama wa marafiki wengi.

Aliingiaje katika kesi ya Dreyfus?

Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi, alihukumiwa mwezi Desemba 1894 kwa kosa la kuuza siri za jeshi kwa Wajerumani, akapelekwa Kisiwa cha Shetani huko Guyane, koloni la Ufaransa Amerika Kusini. Baadaye ilibainika kwamba mwandiko uliotumika kumtia hatiani ulikuwa wa ofisa mwingine, Esterhazy. Jeshi lilimfikisha Esterhazy mbele ya mahakama yake, likamwachia huru tarehe 11 Januari 1898.

Siku mbili baadaye gazeti la *L'Aurore* lilichapisha barua ya Zola kwa Rais Félix Faure, ikajaza ukurasa wa kwanza. Kichwa chake, *J'accuse…!*, yaani “Ninashutumu”, kilitolewa na Georges Clemenceau, mwanasiasa aliyeandikia gazeti hilo. Ziliuzwa nakala zipatazo 300,000. Zola aliwataja majenerali na maofisa kwa majina, kosa la kila mmoja likiwa wazi, na akasema anajua kwamba anavunja sheria ya kashfa: alitaka ashtakiwe ili ushahidi uliofichwa utoke mahakamani.

Kwangu hili ni jalada lake la ishirini na moja. Ukiisoma barua ile utamwona mtu yuleyule wa Anzin: tarehe, majina, nani alimwambia nani, nani alifaidika na uongo.

Gharama ilikuwa kubwa. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya faranga 3,000, umati ukimzomea nje ya mahakama na magazeti yakimwita Mwitaliano. Hukumu ilitenguliwa kwa sababu za kiutaratibu, kesi ikaanza upya Versailles mwezi Julai 1898, na kwa ushauri wa mawakili akakimbilia Uingereza, akabaki huko hadi Juni 1899. Dreyfus alipewa msamaha mwaka huohuo, lakini alisafishwa rasmi tarehe 12 Julai 1906. Zola hakuiona siku hiyo.

Je, Zola aliuawa?

Alikufa tarehe 29 Septemba 1902 nyumbani kwake Paris, kwa hewa ya sumu iliyotokana na moto wa chumbani ambao moshi wake haukupata njia ya kutokea. Mkewe Alexandrine alikuwa chumba kilekile, akapona. Uchunguzi wa wakati ule ulisema ni ajali. Mwaka 1953 gazeti la *Libération* lilichapisha habari kwamba fundi mmoja wa dohani, mpinzani wa Dreyfus, alikiri kabla ya kufa kuwa aliiziba dohani kwa makusudi. Mahakama haikuwahi kulithibitisha hilo, kwa hiyo anayesema aliuawa, na anayekataa kabisa, wote wanavuka ushahidi.

Mazikoni ulikuwepo ujumbe wa wachimba makaa waliopita wakiita “Germinal! Germinal!” Mwaka 1908 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, jengo la Paris wanamozikwa watu mashuhuri wa taifa, na katika sherehe hiyo mwanahabari mmoja alimpiga Dreyfus risasi, ikamjeruhi mkononi.

Aliandika chochote kuhusu Afrika?

Ndiyo, na msomaji wa Kiafrika ana haki ya kulijua. Katika *Fécondité*, ya mwaka 1899, mmoja wa watoto wa familia ya Froment anakwenda kulima kando ya mto Niger, na mwisho wa kitabu mjukuu anarudi kusimulia juu ya nchi pana inayongoja jembe la Mfaransa. Wenye nchi wanaonekana kama kivuli au kama tishio. Riwaya hiyo aliiandika uhamishoni Uingereza, na Niger hakuwahi kufika. Zola wa *Germinal* alikwenda kuuliza mchimbaji analala wapi na anakula nini. Hapa hakumuuliza mtu yeyote, akaandika ndoto ya wakoloni wa zama zake. Sioni sababu ya kumtetea.

Maisha yake ya ndoa yakoje?

Alimwoa Alexandrine Meley mwaka 1870, hawakupata watoto. Tangu mwaka 1888 aliishi na nyumba ya pili: Jeanne Rozerot, aliyekuwa mtumishi wao wa kushona na kutunza nguo, alimzalia Denise na Jacques. Alexandrine alipogundua aliumia vibaya, lakini baada ya kifo cha mumewe aliwakubali watoto na kuwasaidia wapate jina la baba yao.

Nianze na kitabu gani?

Anza na *Germinal*. Ikiwa huna muda wa kurasa nyingi, chukua *Thérèse Raquin*, ambayo ni fupi na haina ukoo wa kukumbuka. Baada ya hapo soma *L'Assommoir*, kisha *Nana*, kwa kuwa Nana ni binti wa Gervaise na Coupeau, na Étienne wa *Germinal* ni mwana wa Gervaise pia. *Au Bonheur des Dames* itamfaa anayetaka kitabu chenye mwisho wa furaha. Hakuna haja ya kufuata mpangilio wa miaka. Kila riwaya inasimama yenyewe.

Anayesoma Kifaransa, kama walivyo wengi Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura, atazipata bure kwenye intaneti kwa sababu hakimiliki imekwisha. Anayesoma Kiingereza ajihadhari na tafsiri za zamani za enzi ya Vizetelly: baada ya kesi ile nyingi zilikatwakatwa, na kinachokosekana mara nyingi ni sauti ya mtaa ya Goutte-d'Or. Tafuta tafsiri ya miaka ya karibuni.